Nchi ya Barafu Nayo Inaungua

Mvua zimekwisha, nyasi zimeanza kubadilika rangi, vumbi nalo limerudi barabarani. Kiangazi ndiyo hicho kimeingia. Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunawaletea habari ya moto, lakini tutaanzia mbali, kaskazini kabisa mwa Kanada. Mtauliza, kwani huku kwetu moto hakuna hadi twende kuutafuta Kanada? Upo, na tutaufikia. Tuvumilieni kidogo.

Habari yenyewe ilianza darasani. Tulikuwa na somo la jiografia, darasa la sita, ramani ya dunia imechorwa ubaoni. Kijana mmoja, ambaye shangazi yake alihamia Kanada miaka iliyopita, akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, shangazi alitupigia simu akasema kuna siku jua lilikuwa jekundu kama kaa la moto, sababu ya moshi wa misitu. Sasa nchi ya barafu inaungua namna gani?" Darasa zima likacheka. Sisi hatukucheka, maana jibu hatukuwa nalo. Tukamwambia atupe muda tutafute. Tumetafuta, na haya ndiyo tuliyoyapata.

JOTO LA KASKAZINI SI MCHEZO

Wengi wetu tunadhani kaskazini ni theluji mwaka mzima. Siyo hivyo. Chukueni mji wa Yellowknife, makao makuu ya jimbo linaloitwa Northwest Territories, kando ya Ziwa Great Slave. Mji una watu kama 20,000. Majira ya baridi huko ni makali kweli. Lakini mwezi wa sita jua linachomoza kabla ya saa kumi alfajiri na kuzama karibu na saa sita usiku. Yaani linawaka kwa muda wa saa 20 hivi. Hebu fikirieni nguo iliyoanikwa juani saa 20!

Jambo la pili lilitushangaza zaidi. Mji huo, pamoja na theluji yake yote, hupata wastani wa chini ya milimita 300 za mvua na theluji kwa mwaka. Hapa Kigoma tunapata mvua mara tatu ya hiyo. Kwa hiyo theluji haimaanishi maji mengi. Ikiyeyuka na mvua ikachelewa, ardhi inakauka haraka.

Na ardhi ya huko ina mambo yake. Misitu yake ni ya miti ya jamii ya misonobari, yenye majani membamba na utomvu unaoshika moto upesi. Chini ya miti kuna mimea midogo laini iliyotandaa kama godoro, na chini ya hiyo kuna tabaka la majani na mizizi iliyooza kidogo kidogo kwa karne nyingi. Tabaka hilo likikauka linaungua polepole bila mwali, kama pumba za mpunga zinavyofuka. Moto unaweza kujificha humo majira yote ya baridi, theluji ikiwa juu yake, kisha ukatokeza tena mwaka unaofuata. Baadhi ya mioto ya mwaka 2023 ilifanya hivyo, ikaonekana tena 2024.

Radi nayo huongeza kazi. Katika misitu ile ya mbali, isiyo na barabara wala watu, moto mwingi huanzishwa na radi. Hakuna wa kumlaumu, hakuna aliyesahau jiko. Radi inapiga mti, mvua yenyewe kidogo au hakuna, basi.

VITU VINNE, SAA SITA MCHANA

Sasa watu wa huko wanajuaje kwamba leo ni siku ya hatari? Hapa ndipo tulipofurahi, maana hesabu yao hata darasa la sita wanaielewa.

Kila siku saa sita mchana vituo vya hali ya hewa vinaandika vitu vinne: joto, unyevu wa hewa, kasi ya upepo, na mvua iliyonyesha katika saa 24 zilizopita. Vinne tu. Kutoka hapo wataalamu wanapiga hesabu ya jinsi ardhi ilivyokauka. Mfumo huu ulitengenezwa na watu wa misitu wa Kanada na ulianza kutolewa mwaka 1970. New Zealand wakauchukua mwaka 1980, na jimbo la Alaska huko Marekani mwaka 1992.

Hesabu inagawa vitu vinavyoweza kuungua katika matabaka matatu.

Tabaka la kwanza ni takataka za juu: majani makavu, vijiti, nyasi zilizolala. Hivi vinakauka chini ya siku moja. Jua la asubuhi tu linatosha, mchana vimekuwa tayari kuwaka.

Tabaka la pili liko chini kidogo, kama urefu wa kidole. Hili linahitaji siku kama 12 za ukavu hadi lipoteze sehemu kubwa ya maji yake.

Tabaka la tatu liko chini zaidi, kama shubiri moja kwenda chini. Hili linahitaji siku 52 hivi. Likishakauka, mvua ya dakika kumi haliijui. Na kama mwaka uliopita ulikuwa wa ukame na theluji ikawa kidogo, mwaka mpya unaanza na deni. Ukame wa jana unabaki kwenye daftari la leo.

Mvua nayo inapimwa kwa akili. Isipozidi nusu milimita, hesabu haiitambui kabisa. Kufika tabaka la pili lazima izidi milimita moja na nusu. Kufika la tatu lazima izidi karibu milimita tatu. Kwa hiyo mtu anaweza kusema "jana imenyesha," na ni kweli imenyesha, lakini chini kumebaki kukavu kama unga.

Baada ya hapo wanaongeza upepo, maana upepo ndio unaoamua moto utakimbia kwa kasi gani. Mwisho wa yote inapatikana namba moja ya hatari ya siku hiyo. Wananchi wanaiona kwenye vibao vya barabarani: hatari ndogo, ya kati, kubwa, kubwa mno. Siku zikiwa mbaya, serikali inapiga marufuku kuwasha moto nje, hata wa kuchoma nyama.

Wazimamoto wa huko wana kanuni nyingine rahisi ya kukumbuka. Wanaangalia namba mbili: joto kwa nyuzi za Selsiasi na unyevu wa hewa kwa asilimia. Siku ambayo namba ya unyevu inashuka chini ya namba ya joto, kwa mfano joto 30 na unyevu 25, wanajua moto wa siku hiyo utakuwa mkali. Upepo ukijiunga nao, wanaita watu kazini mapema.

Tuseme wazi: utabiri huu hauwezi kusema moto utaanzia wapi na saa ngapi. Hakuna mtu anayejua radi itapiga mti gani. Unachosema ni kwamba moto ukianza leo, utakuwa moto wa namna gani.

AGOSTI 2023

Mwaka 2023 Kanada iliungua kuliko mwaka wowote uliowahi kuandikwa nchini humo. Zaidi ya hekta milioni 15 za misitu zilipita motoni. Katika Northwest Territories kulikuwa na ukame na joto la ajabu. Tarehe 8 Julai, katika kijiji cha Fort Good Hope, karibu kabisa na mstari wa Aktiki, joto lilifika nyuzi 37.4. Huko ndiko kaskazini kwenye barafu!

Tarehe 13 Agosti upepo mkali ukausukuma moto kuelekea mji wa Hay River na kijiji kidogo cha Enterprise, kusini mwa lile ziwa kubwa. Enterprise iliteketea sehemu kubwa siku hiyo hiyo. Watu wa Hay River waliondoka kwa magari wakipita katikati ya moshi, wengine moto ukiwa pembeni mwa barabara. Na kulikuwa na tatizo juu ya tatizo: nyaya za mawasiliano ziliharibiwa na moto, simu na intaneti zikakatika. Mtaalamu anaweza kuwa na utabiri mzuri mezani kwake, lakini kama simu ya mama aliyeko nyumbani haifanyi kazi, utabiri huo haumsaidii.

Siku tatu baadaye, Jumatano jioni tarehe 16, ikawa zamu ya Yellowknife. Moto ulikuwa kilomita kama 17 kutoka mjini. Wakuu wakaangalia ukavu, wakaangalia upepo unaotarajiwa, wakasema mvua isiponyesha moto unaweza kufika pembezoni mwa mji mwisho wa wiki. Wakatoa amri: mji wote uhame, hadi Ijumaa saa sita mchana uwe mtupu.

Barabara ya kutoka ni moja tu. Watu kama 15,000 wakaondoka kwa magari, msafara mrefu, mamia ya kilomita hadi jimbo jirani la Alberta. Wasiokuwa na magari walipanga foleni kwenye shule ya sekondari kuandikisha majina, wakapelekwa kwa ndege, karibu watu 4,000. Tuliposoma habari ya foleni ile shuleni, tulitazamana. Watoto wamebeba mikoba, wazee wamekaa chini, mtu na karatasi anaita majina. Nani kati yetu haijui foleni hiyo?

Ukihesabu na vijiji vingine, takriban theluthi mbili ya watu wa jimbo lile walikuwa nje ya nyumba zao. Walilala kwenye kumbi za mikutano na viwanja vya michezo. Walisajiliwa. Walipewa chakula. Kila asubuhi waliuliza, "Tunarudi lini?"

Huku nyuma waliobaki walikata miti kuzunguka mji ili moto ukose cha kula, wakaweka mabomba ya kunyunyiza maji. Moto haukuingia Yellowknife. Tarehe 6 Septemba wenyeji waliruhusiwa kurudi, baada ya wiki tatu.

Wasomaji, hapa tuseme ukweli wa moyo. Wengi wetu tulipokimbia hatukupewa hata saa moja. Wengine tulitoka usiku na nguo za kulalia, tukaacha sufuria motoni. Wapo waliopotezana na watoto njiani na mpaka leo wanatafuta. Watu wale walipata siku mbili kasoro, na baada ya wiki tatu wakafungua milango yao wenyewe. Hatusemi hivi kwa wivu. Tunasema ili tuone thamani ya onyo linalofika mapema. Vita ya binadamu hatuwezi kuipimia milimita. Moto tunaweza.

TURUDI NYUMBANI

Mwezi wa nane mwaka jana, kama mnavyokumbuka, nyumba tatu ziliungua hapa kambini kwa muda usiozidi nusu saa. Ilikuwa mchana. Mama mmoja alikuwa anapika maharage nje, upepo ukaja, cheche moja ikarukia paa la nyasi la jirani. Maji yalikuwa bombani, na bombani kulikuwa na foleni ya madumu. Vijana walibomoa paa la nyumba ya nne kwa mikono, ndiyo maana moto ukasimama hapo. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Lakini mzee mmoja alipoteza bahasha yake: kadi ya mgao, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na picha ya marehemu mke wake. Kadi ilitengenezwa nyingine. Picha haikuwepo nyingine.

Yule mama watu walimsema sana. Sisi tunauliza, nani alimwambia kwamba siku ile ilikuwa ya hatari? Hakuna. Alipika kama alivyopika jana yake na juzi yake.

Na kuna jambo tunalikosea wengi. Tunasema "si imenyesha wiki hii, hakuna shida." Rudini kwenye matabaka. Misitu ya Kanada ina matabaka matatu, lakini mapaa yetu ya nyasi, nyua za matete na majani ya pembeni mwa njia, yote ni kama tabaka la kwanza. Yanakauka chini ya siku moja! Mvua ya jana jioni haimlindi mtu leo mchana. Kama jua limewaka tangu asubuhi na upepo umeamka, sisi tumeshaingia hatarini, hata kama dimbwi bado liko barabarani.

Kwa hiyo darasa letu limeanza daftari. Tuna vipimajoto viwili. Kimoja kinakaa kikavu, kingine kimefungwa kitambaa chenye maji. Hewa ikiwa kavu, kile chenye kitambaa kinapoa zaidi, na tofauti ya namba zao inakuwa kubwa. Mvua tunaipima kwa chupa ya plastiki iliyokatwa na rula. Upepo tunautazama kwa utepe uliofungwa kwenye mti. Kila siku saa sita mchana wanafunzi wawili wanaandika. Namba za Kanada hatuzitumii, maana zilitengenezwa kwa misitu yao. Tunajifunza za hapa.

Siku ambayo hewa ni kavu sana, jua kali na utepe unapepea bila kutulia, tutatundika kitambaa chekundu mlangoni mwa shule na kwenye bomba la maji. Tumezungumza na wazee wa kamati, wamekubali tujaribu kiangazi hiki. Hatusemi kitambaa kinazima moto. Tunasema mama akikiona anapokwenda kuchota, atajua cha kufanya.

SIKU YA KITAMBAA CHEKUNDU

Kila familia ifanye haya:

Pikeni asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, au jioni ukishatulia. Kama lazima mpike mchana, zungushieni mafiga ukuta mdogo wa udongo au matofali.

Msitupe majivu ya moto. Yamwagieni maji, yakorogeni, mguse na mgongo wa mkono. Kama bado yana joto, bado ni moto.

Wekeni ndoo moja ya maji na ndoo moja ya mchanga karibu na jiko. Ndoo ya maji isiguswe kwa kazi nyingine hadi jioni.

Fagieni majani makavu kuzunguka nyumba, hatua tatu au nne. Watu wa Yellowknife walikata msitu. Sisi ufagio unatosha.

Karatasi zote muhimu ziwe kwenye mfuko mmoja wa plastiki, sehemu moja, na kila aliye mkubwa nyumbani apajue. Picha pia.

Watoto wadogo wasiachwe peke yao na moto. Na kila mtoto ajue mahali pa kukutania, mti gani au nyumba ya nani, kama mkitawanyika.

Jirani ambaye ni mzee, mgonjwa au haoni, mgaweni mapema nani atamshika mkono.

SWALI LA MWEZI KWA WATOTO

Jana usiku ilinyesha mvua ya milimita moja katika msitu wa Kanada. Je, ni tabaka gani lililopata maji, na ni yapi yaliyobaki kama yalivyokuwa? Leteni majibu darasani kwetu. Wakosaji hawachekwi. Yule kijana aliyeuliza habari ya shangazi yake ndiye atakayesahihisha, maana swali lake ndilo lililotufikisha hapa.

Na wazazi, mkipita shuleni saa sita mchana mkaona wanafunzi wawili wamesimama juani wanatazama chupa, msidhani wamefukuzwa darasani. Wako kazini.

Tukutane mwezi ujao. Kiangazi chema, na maji yawe karibu.